Moshi wa Kofia Nyeupe

Asubuhi nyumbani kwa kina Nube ilianza kwa maji. Kabla ya kuwasha moto wa chai ya mdalasini, kabla hata ya kufunga kamba za viatu vyake vya shule, Nube alilowesha kitambaa, akakikamua, akakifunika juu ya fungu la toquilla ili lisikauke. Toquilla ni majani yaliyochanwa membamba kama ukindu, tena laini kuliko ukindu. Ukiyasuka yakiwa makavu hukatika na kukutia aibu. Ndiyo maana vidole vya wanawake wa Sígsig, mji wao wa milimani, havikauki, kiangazi wala masika.

Bibi yake, Targelia, alisuka akitembea. Alikwenda kukamua ng'ombe huku anasuka, akarudi huku anasuka, na akisimama njiani kusalimiana na jirani, mikono haikusimama. "Mdomo ndio unaosalimu," alikuwa akisema, "mikono haina habari." Mama yake, Bi Zoila, alisuka ameinama, kifua kimeegemea kalibu ya mti yenye umbo la kichwa cha mtu. Kofia zilizotoka mikononi mwao zilivuka bahari, na huko ng'ambo watu waliziita kwa jina la nchi nyingine, kana kwamba hazikuzaliwa hapa. Jambo hilo lilimuudhi Nube kuliko kuibiwa.

Jumamosi ilikuwa siku ya salfa. Kofia ikitoka kusukwa huwa na rangi ya majani makavu, na wenye maduka mjini Cuenca wanataka nyeupe. Basi Bi Zoila alizilowesha kofia, akazipanga ndani ya sanduku kubwa la mbao jikoni, chini yake akaweka chungu cha makaa, na juu ya makaa akatupia vipande vya salfa. Salfa ilishika moto wa samawati, ikatoa moshi unaochoma pua kama viberiti elfu vilivyowashwa pamoja. Sanduku likafunikwa blanketi, madirisha yakafungwa, na matambara yakasokomezwa chini ya mlango, maana upepo ukiingia kofia hushika madoa.

Kazi ya Nube siku hiyo ilikuwa kuwatoa simbilisi. Kama ilivyo katika nyumba nyingi za kwao, simbilisi, vinyama vya manyoya kama panya wanene wasio na mkia, walifugwa jikoni, wakikimbia kimbia chini ya meza wakingojea kuchinjwa siku ya sherehe.

"Nube! Simbilisi wametoka wote?"

"Wametoka, mama."

"Tazama nyuma ya kuni. Yule tuliyemsahau mara ile tulimkuta amekufa, meno nje."

"Hata paka hakumtaka," alisema Bibi.

Ismael, mdogo wake Nube, hakutolewa. Alikuwa bado hajaanza shule, na kifua chake kilikuwa kibovu, kinapiga mluzi kama mlango usiopakwa mafuta. Mtoto mwenye kifua, kila mtu alijua, hatolewi kwenye baridi ya milimani. Kitanda chake kilikuwa papo hapo jikoni, penye joto.

Jumatano moja Mwalimu Fausto aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: MAHALI PA KAZI. Akageuka, akapangusa chaki mikononi.

"Nani ataniambia maana yake?"

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Darwin Quezada. Baba yake aliajiriwa katika kiwanda cha kofia ng'ambo ya mto, na Darwin hakuacha siku ipite bila kulitaja jambo hilo.

"Mwalimu, ni mahali penye lango. Kengele inalia, watu wanaingia. Kuna bosi. Kuna vibao ukutani: vaa barakoa, usivute sigara, watoto marufuku. Baba ana koti la kazi lenye jina lake hapa." Alijigusa kifuani.

"Na asiyekuwa na lango?" aliuliza mwalimu.

"Huyo hana mahali pa kazi. Yupo yupo tu." Darwin alimtupia Nube jicho. "Kama mama yake Binti Kofia. Yuko nyumbani tu."

Darasa lilicheka. Nube alisimama kabla hajaruhusiwa.

"Nani yuko nyumbani tu? Kofia anayoipiga pasi baba yako, ilijisuka yenyewe? Ilishuka na mvua? Mama yangu anainamia kalibu mpaka mgongo unalia! Nyumba yetu ni mahali pa kazi. Tunasuka humo, tunaosha humo, na weupe tunautoa humo humo kwa salfa, sawasawa na kiwanda chenu!"

Wasichana wa nyuma walipiga makofi. Mama zao nao walikuwa wasukaji.

"Nube amesema kweli, ingawa amesema kwa sauti ya soko la Jumapili," alisema mwalimu akitabasamu. "Mahali pa kazi hapahitaji lango wala kengele. Ni popote mtu anapofanyia kazi yake ya riziki. Shamba ni mahali pa kazi. Meza ya sokoni, usukani wa lori, jiko. Hata njia ya malishoni, Bibi Targelia akiipita anasuka, ni mahali pake pa kazi."

Nube akaketi, kidevu juu. Lakini Darwin hakuwa mtu wa kushindwa kimya kimya.

"Sawa," alisema. "Kiwandani salfa ina banda lake, mbali na watu, na bomba refu la moshi. Baba haingii humo bila barakoa ya chujio. Nyie salfa yenu mnachomea wapi?"

"Jikoni," alijibu Nube. Alijibu upesi, kwa fahari ile ile, na neno lilipokwisha toka ndipo aliposikia lilivyo.

"Kwa hiyo bomba lenu la moshi ni pua ya Ismael!"

"Darwin!" Mwalimu alipiga meza, kicheko kikakatika. "Ulimi wake ni mkali, lakini swali lake si la kijinga. Sikilizeni. Neno hili huja na heshima, na huja na wajibu. Huwezi kuikaribisha heshima ndani ukauacha wajibu unanyeshewa. Nube, leo ukifika kwenu, itazame nyumba kama mgeni anayeingia kazini siku ya kwanza."

Jioni hiyo Nube alimweleza mama yake yote, isipokuwa maneno ya pua. Bi Zoila alikuwa akimenya mahindi ya kuchemsha, na hakuinua kichwa.

"Darwin? Si yule anayevuta makamasi mpaka leo? Hii ni nyumba ya babu yako, mwanangu, si kiwanda."

"Lakini mwalimu anasema ni mahali pa kazi."

"Vizuri. Mwambie aje anipandishe mshahara."

"Mama, labda tungepeleka sanduku nje."

"Nje wapi? Kwenye mvua? Duka la Cuenca linataka kofia nyeupe kabla ya maandamano ya Krismasi. Tukiwapelekea zenye madoa, mwaka ujao watakwenda kwa wengine, na mimi nitasuka nimvalishe nani? Ng'ombe?"

"Mimi moshi huo nimeuvuta tangu sijaolewa," alidakia Bibi kutoka pembeni, "na nipo." Akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka mikono yake, ile isiyokuwa na habari, ikaiacha kofia ianguke mapajani. "Baridi," alisema alipopata pumzi. "Baridi tu."

Jumamosi mvua ilikuja mapema. Bi Zoila aliwasha makaa, akatupia salfa, akafunika sanduku. Bibi alikuwa kwa ng'ombe. Mara akaja mtoto wa jirani kumwita Bi Zoila: Shangazi Luz, aliyekuwa akiwasaidia kusuka, amemaliza kofia zake, azifuate kabla mvua haijazidi.

"Naenda na kurudi," alisema Bi Zoila akijifunga shali. "Nube, keti hapa na ndugu yako. Mlango usifunguliwe. Umenisikia? Hata malaika akibisha, mwambie angoje."

Nube aliketi akasuka, leso imefunika pua. Ismael alikuwa kitandani anachezea kalibu ndogo, akiiambia kalibu kwamba ni farasi. Akakohoa. Akaendelea kumpanda farasi. Akakohoa tena, na safari hii farasi alianguka sakafuni na Ismael hakumwokota.

Ndipo Nube alipoyakumbuka maneno ya mwalimu. Akainua macho, akatazama kama mgeni.

Aliona mlango uliofungwa na matambara chini yake. Aliona moshi unatambaa kutoka chini ya blanketi, mwembamba, unapanda ukutani. Kupitia kioo cha dirisha aliona simbilisi wamejipanga chini ya upenu, wakavu, wanatafuna majani kwa raha zao.

Simbilisi walikuwa nje. Ndugu yake alikuwa ndani.

"Ismael?"

Mtoto aligeuka. Mdomo ulikuwa wazi, mabega yanapanda na kushuka, na kifuani mluzi ulikuwa umegeuka kuwa sauti nyembamba ya mtu anayevuta uzi mrefu usiokwisha.

Nube alizijua zile kofia. Alijua ni ipi mama aliifumua akaianza upya, ni ipi Bibi aliisuka macho yakimtoa machozi. Alijua upepo utafanya nini. Mkono wake ulifika kwenye komeo, ukasita. Kisha akalivuta komeo kwa nguvu, akayapiga teke matambara, akafungua na madirisha yote, moja baada ya jingine. Upepo wa mvua uliingia kama ng'ombe aliyekata kamba. Ulilitupa blanketi pembeni, ukaingia sandukuni. Nube hakugeuka kutazama. Alimbeba Ismael, ingawa alikuwa mzito, akamtoa hadi chini ya upenu, akaketi naye katikati ya simbilisi.

"Vuta pole pole. Nitazame mimi. Hivi."

Bi Zoila alimkuta hapo. Kwanza aliuona mlango.

"Nani kafungua? Nube! Nilikuambia nini? Kofia zangu! Wewe mtoto wewe, unataka..." Sentensi haikufika mwisho. Aliiona midomo ya Ismael, ilivyoanza kuwa na rangi ya majivu. Kofia za Shangazi Luz zikaanguka kwenye tope. Alimnyakua mtoto, akamfunga kwenye shali, akakimbia kuteremka kwenda zahanati, na Nube nyuma yake.

Muuguzi Piedad hakuuliza mengi mwanzoni. Alimvika Ismael kifuniko cha puani na mdomoni kinachotoa dawa kama mvuke, akamkalisha wima, akawa anamsugua mgongo huku akimwimbia kitu kisicho na maneno. Polepole uzi ule mrefu ulianza kulegea. Midomo ikarudi rangi yake. Ndipo muuguzi akamgeukia Bi Zoila.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Sina kazi," alisema Bi Zoila. "Niko nyumbani tu."

Nube alihisi kama amepigwa. Maneno yale yale ya Darwin, na safari hii yametoka kinywani mwa mama yake mwenyewe!

"Si kweli!" alisema. "Mama ni msukaji wa kofia. Anafanya kazi kuliko watu wote ninaowajua. Anasuka, anaosha, anazichomea salfa ziwe nyeupe."

"Nube, nyamaza."

"Mwache aseme, mama. Salfa mnaichomea wapi, binti?"

Nube alimtazama mama yake. Kusema uongo kungekuwa rahisi. Kungekuwa hata ni heshima. Lakini mluzi wa Ismael ulikuwa bado unasikika chumbani.

"Jikoni. Ndipo anapolala Ismael."

"Na siku ya salfa anakuwa wapi?"

"Hapo hapo. Tunafunga milango." Akameza mate. "Simbilisi tunawatoa."

Muuguzi aliacha kusugua mgongo. "Simbilisi mnawatoa?"

"Moshi huwa..." alianza Bi Zoila, kisha akasimama. Akajaribu tena, kwa sauti ndogo. "Moshi huwaua."

Bi Zoila alikuwa amejisikia mwenyewe. Alijifunika uso kwa shali, na mabega yake yakatikisika.

"Mama," alisema muuguzi kwa upole, lakini bila kuzungukazunguka, "wewe si mtu wa nyumbani tu. Wewe ni mfanyakazi, na jikoni kwako ni kazini. Mtoto huyu analala kazini, anacheza kazini, anakula kazini. Kama kiwanda kingemlaza mtoto kwenye banda la salfa, ungekisema vipi?"

"Ningekichoma moto," alisema Bi Zoila ndani ya shali.

"Hatutachoma. Tutalihamisha sanduku. Na kifua cha bibi yenu nacho nataka kukisikiliza."

Kesho yake, baada ya misa, wanawake wa chama cha wasukaji walikutana kwenye ua wa kanisa kama kawaida yao, kila mmoja na kofia mkononi, wakiteta na kusuka. Bi Zoila alisimama katikati na kofia zake zenye madoa, za manjano hapa na nyeupe pale, kama ng'ombe wa mabaka.

"Shoga, umeanza mtindo mpya?" alitania mmoja.

"Nitawaeleza. Lakini kwanza niulize. Nani kati yenu siku ya salfa anawatoa simbilisi jikoni?"

Mikono ikainuka, karibu yote, pamoja na vicheko.

"Na nani anawatoa watoto?"

Vicheko vikafa. Mikono ikashuka mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza katika ua ule Nube aliona wanawake wa Sígsig wameacha kusuka.

Walibishana, bila shaka. Mmoja alisema mama yake na bibi yake walifanya hivyo hivyo. Bibi Targelia, aliyekuwa ametoka kusikilizwa kifua, alimjibu, "Nami nilisema hivyo juzi, kisha nikakohoa mpaka nikaangusha kofia. Usinifuate mimi." Mwingine aliuliza mabati yatatoka wapi, na fundi. Hatimaye waliafikiana kufanya minga, kazi ya ujima ambayo kwao hakuna anayealikwa akakataa na kulala usingizi mzuri.

Siku ya minga walikuja wote. Wapo walioleta matofali ya udongo, wapo walioleta mabati makuukuu, na waliokosa vyote walileta sufuria za viazi na jibini. Mahali palichaguliwa nyuma ya nyumba, mbali, upande ambao upepo huupeleka moshi mtoni na si mlangoni. Bwana Mesías, baba yake Darwin, alikuja na utepe wa kupimia mkononi. Alionyesha bomba liinuke kiasi gani na mlango uelekee wapi, na akawafundisha wanawake kuvaa barakoa za chujio, kwamba leso haizuii moshi wa salfa hata ikikunjwa mara kumi.

Darwin alibebeshwa ndoo za tope.

"Binti Kofia, tope hili zito bwana!"

"Si ulisema hatuna mahali pa kazi? Basi sasa unapajenga. Beba."

Darwin alitua ndoo, akajikuna shingo. "Ile ya pua ya Ismael... sikuwa na maana ya kweli."

"Ilikuwa ya kweli," alisema Nube. "Ndiyo maana iliniuma. Leta ndoo."

Kofia zenye madoa zilioshwa upya na kuingizwa katika banda jipya, na zikatoka nyeupe kama maziwa. Zilichelewa kufika Cuenca. Mwenye duka alinuna, akasema maneno mawili matatu, kisha akazichukua, kwa sababu kazi nzuri haina mbadala. Kikohozi cha Bibi hakikuondoka chote; moshi wa miaka mingi haufukuzwi kwa wiki chache. Lakini Ismael alianza kukimbia mpaka mtoni na kurudi, akifika amechoka kama wanavyochoka watoto wengine.

Siku moja alikimbia kuelekea bandani wakati bomba linatoa moshi. Bi Zoila, barakoa usoni, alimwona. Alitoka, akaufunga mlango nyuma yake, akaivua barakoa na kumnyanyua.

"Hapana, mwanangu. Huku ni kazini kwa mama. Watoto hawaingii."

Nube alikuwa karibu anaanika majani. Mama yake alimwita, wakaketi watatu juu ya jiwe lenye jua.

"Nube, mimi nilikuwa nikikasirika watu wakisema sina kazi," alisema Bi Zoila. "Nilitaka waniheshimu. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa sijaiheshimu kazi yangu. Aliyeajiriwa analindwa na mwajiri wake, na asipolindwa anadai. Mimi mwajiri wangu ni mimi, na sikumdai chochote. Mkishakuwa wakubwa mtafanya kazi popote Mungu atakapowaweka, kiwandani, shambani, au kwenye kona ya chumba. Pahesabuni kuwa mahali pa kazi tangu siku ya kwanza. Tafuteni kwanza kinachoweza kumuumiza mtu, mkiondoe, kisha ndipo mikono ianze. Riziki inayokula pumzi ya mtoto wako si riziki."

Akamtua Ismael, akavaa tena barakoa, akaikaza kamba, akarudi kazini.